Kuunda watu wa ukoo wa kima kwa mchezo wa mezani

Jumamosi moja ya mvua, hapa Ibanda, Bukavu, mdogo wangu alisukuma karatasi yake ya mhusika hadi katikati ya meza akasema: "Yaya, nimechoka na huyu askari wa upanga. Mimi nataka nikuwe kima." (Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa.) Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na nilimpenda kwa hilo. Ilituchukua wiki tano na daftari zima mpaka kima wake akawa mtu kamili wa kuchezwa, mwenye mwili, mama, deni na woga wake. Ninaandika njia tuliyopita, pamoja na mahali tulipopotea, ili wewe ulioko Goma, Lubumbashi, Kigoma au kwingine usihitaji wiki tano.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu huketi mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mahali na hatari, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunatumia kanuni za msingi za toleo la tano, kwa sababu tangu Januari 2023 zimewekwa wazi chini ya leseni ya Creative Commons: unazipakua bure kwenye simu, unazitafsiri, unaongeza za kwako, hata kuuza unaruhusiwa, mradi utaje zilikotoka.

Madadu ya pande 20 sijawahi kuyaona katika soko la Kadutu. Tulichukua vifuniko 20 vya chupa, tukaviandika namba 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito, tukavitia katika mfuko wa kitambaa. Unachota kimoja, unasoma, unakirudisha, unatikisa. Usisahau kukirudisha, nitaeleza sababu tukifika kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Chagua kima mmoja, umwite kwa jina lake

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuanza na "kima" wa hewani, yule wa katuni: mkia unaoshika kila kitu, ndizi mkononi, kelele. Kima wa hivyo hana mahali anapoishi, kwa hiyo hana la kukufundisha. Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa, kwa maana hakikuwatupa wote kapu moja. Nyani ni yule mkubwa wa nchi kavu mwenye pua kama ya mbwa. Tumbili ni yule mdogo wa kijivu mwenye uso mweusi anayeiba mahindi. Mbega ana manyoya marefu na hukaa juu akila majani. Kima ni ukoo mpana wa wale wa msituni. Sokwe si kima kabisa: hana mkia. Gorila wa Kahuzi, tunaojivunia hapa Bukavu, wako upande wa sokwe, na ukiwachukua wao unaunda watu wengine, wazito, wa chini, wa familia inayomzunguka dume mmoja. Ni kazi nzuri pia, ila si hii.

Tuna bahati ya ujirani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, inapanda hadi mita 3,308 kwenye kilele cha Kahuzi, na kwenye miinuko yake kuna misitu ya mianzi. Humo anaishi kima mwenye uso wa bundi: mweusi, mpole kwa sura, na mstari mweupe unaoshuka katikati ya uso hadi mdomoni kana kwamba mtu amempaka chokaa kwa kidole. Kuna pia kima wa L'Hoest, mwenye ndevu nyeupe, ambaye akishtuka mara nyingi hukimbilia chini, si juu. Ukienda kaskazini kwenye milima ya Virunga utamkuta kima wa dhahabu, naye ni mpenzi wa machipukizi ya mianzi. Na Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kuna kituo kinachowatunza sokwe na kima walionyang'anywa wawindaji na wauzaji. Ukiweza kufika, nenda na daftari. Mimi nilikaa mbele ya kizimba kimoja karibu saa nzima nikiangalia mikono tu, na nusu ya kanuni zetu zilitoka pale.

Sisi tulimchukua kima wa uso wa bundi kwa sura na makazi, kisha tabia nyingi za pamoja tukazitoa kwa tumbili, kwa kuwa tumbili ndiye aliyechunguzwa sana. Kuchanganya si kosa. Andika tu katika ukurasa wa kwanza umechanganya nani na nani, la sivyo baada ya wiki mbili utakuwa umerudi kwa kima wa katuni.

Hatua ya 2: Kabla ya kuandika asili yao, kumbuka yaliyotupata

Hapa sitapita haraka.

Mwaka 1904 mtu wa Kongo, Ota Benga, alichukuliwa msituni akapelekwa Marekani kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis. Septemba 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, na umati ukaja kumtazama. Wachungaji Weusi wa makanisa walipiga kelele hadi akatolewa. Alijiua mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia, bila kurudi tena nyumbani. Na wazee wetu waliozaliwa kabla ya 1960 wanalikumbuka neno macaque lilivyotupwa usoni mwao na wakoloni Wabelgiji. Anayeunda watu wa ukoo wa kima akiwa Mkongomani, au akiwa yeyote, anaandika juu ya karatasi ambayo tayari ina maandishi hayo chini yake.

Usidhani ni mambo ya zamani tu. Mwaka 2022 Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huo, ilitoa watu wa ukoo wa kima waitwao hadozee. Asili waliyoandikiwa ni hii: mchawi aliwakamata wakiwa wanyama, akawanywesha dawa iliyowapa akili, akakusudia kuwauza kama askari, na wanafunzi wa mchawi ndio waliowasaidia kuwa huru. Picha moja nayo ilifanana na michoro ya kale ya Marekani iliyotengenezwa ili kuwadhihaki Watu Weusi. Wachezaji walilalamika, na Septemba mwaka huohuo kampuni iliomba radhi na kuyaondoa maandishi hayo. Sidhani kuna aliyekaa akapanga ubaya. Walichofanya ni kuandika bila kukumbuka.

Kwa hiyo mezani kwetu tulikubaliana mambo machache, na ninayasema kwa mkazo. Watu wako wa ukoo wa kima wasiumbwe, wasiamshwe wala wasistaarabishwe na watu wengine. Akili yao ni yao tangu mwanzo. Usiwapunguzie namba ya Akili kwenye karatasi ya mhusika. Usiwape lafudhi wala mavazi ya kabila lolote halisi. Jambo la nne ndilo wengi hawalioni: angalia wanadamu umewaweka wapi. Ukiwapa wanadamu ngome za mawe na vitabu, kima ukawaacha msituni na ngoma, umeichora upya picha ileile hata kama kima wako ni mashujaa. Sisi tuliwaweka wanadamu katika mianzi hiyohiyo, wakiwa wageni, wakijifunza kwa kima namna ya kujenga mahali ambapo mlima unateleza kila masika. Anayeijua Bukavu na miteremko yake ataelewa tulikolipata wazo hilo.

Na neno la kuwaita? Kanuni za Kiingereza zilitumia kwa miaka mingi neno lenye maana ya mbari; toleo la mwaka 2024 likaliacha, likachukua lenye maana ya spishi. Kwa Kiswahili wengine huandika "kabila". Mimi nakusihi usiandike hivyo ikiwa meza yako iko Kivu. Neno hilo limebeba vifo vingi mno hapa kwetu kuwa kisanduku cha kujaza kwenye karatasi ya mchezo. Sisi tunaandika "watu": watu wa mianzi, ndio hawa kima wetu, watu wa chuma, watu wa ziwa.

Hatua ya 3: Toa kanuni kutoka mwilini

Sasa chukua daftari, gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto andika jambo la kweli kuhusu mnyama. Kulia andika linamaanisha nini mezani. Jambo lisilo na upande wa kulia liache lilivyo, litakuwa pambo la simulizi.

Anza na mkia, kwa sababu hapo ndipo kila meza inapogombana. Mdogo wangu aliuliza mara moja: "Yaya, mkia yake inaweza kamata upanga?" Hapana. Kima wa Afrika hawashiki kwa mkia. Wanaoning'inia kwa mkia ni baadhi ya kima wa Amerika ya Kati na ya Kusini. Wa kwetu hutumia mkia kwa mizani, kama mpita kamba anavyotumia mti mrefu mikononi. Kuna sababu ya kimchezo pia. Mkono wa tatu huvunja kanuni nyingi kimyakimya: mchezaji atashika upinde kwa mikono miwili na mwenge kwa mkia, au silaha nzito na ngao kwa wakati mmoja, na kila atakayecheza mwanadamu atajiona mjinga. Tuliandika hivi: kila jaribio la kutoanguka au la kupita juu ya kitu chembamba, mtu wa mianzi hufanya kwa faida, yaani anachota vifuniko viwili na kuchukua namba kubwa. Imetosha kabisa.

Mikono na miguu. Miguu ya kima nayo inashika, kidole gumba kimekaa pembeni. Kulia tukaandika: mwendo wa kupanda ni sawa na mwendo wa kutembea, na akiwa amening'inia kwa miguu mikono yake iko huru. Huo ndio mkono wa tatu wa kweli, na una bei: akiwa hivyo hawezi kukwepa vizuri, kwa hiyo wanaomshambulia wana faida. Kama umechagua mbega, kumbuka kwamba kidole gumba cha mkono wake kimebaki kigutu tu. Vidole vinne vinafanya kazi ya ndoano. Ni mrukaji bora, lakini usimpe ufundi wa kufungua makufuli.

Mashavu. Kima, tumbili na nyani wana mifuko ndani ya mashavu. Hujaza chakula haraka mahali pa hatari, wakaenda kukila mahali salama. Mbega hawana, wao wana tumbo la vyumba linalochachusha majani. Mfuko wa shavu ulikuwa furaha ya meza nzima: mtu wa mianzi anaweza kuficha mdomoni kitu kisichozidi yai la kuku, na anayempekua hakioni asipotaja kwamba anaangalia mdomo. Lakini shavu likijaa maneno hayatoki vizuri, hivyo kushawishi au kutamka uganga anafanya kwa hasara, namba ndogo ya vifuniko viwili. Pete ya mfalme imesafiri katika shavu kwa vikao vitatu, na mwenye nayo alilazimika kunyamaza mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo alama ya kanuni nzuri: inaleta matatizo yanayosimulika.

Macho. Waandishi wengi humpa kila kiumbe uwezo wa kuona gizani. Kati ya aina tisa zilizo katika kanuni huria, sita zina uwezo huo. Kima wa Afrika ni wa mchana. Wanaziona rangi kama sisi, jambo linalowasaidia kutambua tunda lililoiva na jani changa, na usiku hulala. Usiwape giza. Hapa Bukavu, ambako umeme hukatika katikati ya kikao, mchezaji anajua mara moja maana ya kusikia hatua bila kuona mguu. Badala yake tuliwapa jicho la rangi: faida ya kutambua sumu katika chakula, jeraha linalooza, au mtu aliyejificha nyuma ya majani mchana.

Ukubwa ni rahisi. Tumbili dume hafikii kilo 10, hivyo hata ukiwakuza kidogo waache wadogo: mita moja na robo hivi, mwendo wa mita 7.5 kwa zamu, na silaha nzito hawaziwezi.

Hatua ya 4: Mama, milio na kuchambuana

Wengi wakimaliza mwili wanaona wamemaliza kazi. Mimi naona ndipo inapoanza, kwa maana kima bila kundi ni nusu kima.

Kwa tumbili na kima wengi, jike hubaki katika kundi alimozaliwa maisha yake yote, na dume akikua huondoka kutafuta kundi jingine. Kwa tumbili na nyani binti hupata cheo karibu na cha mama yake. Litafakari jambo hili kimchezo. Kila kijana dume wa watu wa mianzi ni msafiri kwa desturi; akifika mlangoni kwa wageni na fimbo yake hakuna atakayemuuliza sababu. Binti akiwa njiani, kila anayemwona atauliza: ni nani amekufa? umefukuzwa? cheo cha mama yako kimeangukaje? Mchezaji anayechagua binti amepewa hadithi kabla hajashika kalamu. Tuliongeza swali moja tu kwenye karatasi: "Mama yako ni wa ngapi?" Jibu lake huamua nani anakula kwanza, nani anasikilizwa barazani, na nani atakuchukia bila kosa lako.

Halafu milio. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha utafiti wao juu ya tumbili wa Amboseli, Kenya. Tumbili hao wana mlio mmoja kwa chui, mwingine kwa tai, mwingine kwa nyoka. Watafiti walirekodi milio hiyo na kuicheza kwa kipaza sauti wakati hakuna mnyama yeyote wa hatari, na tumbili wakajibu mlio: kwa chui walipanda miti, kwa tai walitazama juu au kukimbilia vichakani, kwa nyoka walisimama kwa miguu miwili wakitazama chini majanini. Hapo kanuni imekuja yenyewe, wewe unaiandika tu. Mtu wa mianzi akiona hatari anaweza kupiga mlio mmoja kabla ya zamu yake, na mwenzake yeyote anayeusikia na aliyefundishwa maana yake hujibu papo hapo. Mlio wa chui: unasogea nusu ya mwendo wako, juu au mbali. Mlio wa tai: unainama, unaongeza 2 kwenye kinga yako hadi zamu yako ijayo. Mlio wa nyoka: unasimama tuli, na jaribio lako la kwanza la kuona mtego au kilichojificha ardhini lina faida.

"Aliyefundishwa" ni neno muhimu. Wenzake wanadamu lazima watumie jioni moja wakijifunza milio, na msimulizi aichezeshe jioni hiyo. Kwetu ilikuwa dakika kumi nzuri kuliko vita vyote vya mwezi ule: dada mmoja mwenye mhusika wa chuma, mzito, akifundishwa kutazama juu.

Watoto wa tumbili hukosea. Hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara. Tulijaribu kanuni ya makosa kwa wahusika wachanga, kifuniko cha 1 hadi 3 kikiwa mlio usio sahihi. Tuliiondoa. Ilichekesha mara mbili, mara ya tatu ikamuua mtu.

Kuchambuana ni jambo dogo lenye uzito. Seyfarth na Cheney, katika utafiti mwingine wa mwaka 1984, walionyesha kwamba tumbili wasio ndugu walijali zaidi kilio cha msaada cha yule aliyetoka kuwachambua manyoya. Mezani: katika pumziko fupi la saa 1, mtu wa mianzi anaweza kukaa na mwenzake mmoja, akamsuka, akamtoa miiba, akamsafisha jeraha. Kabla ya pumziko refu, yaani la kulala, yule aliyehudumiwa akija kumsaidia katika jaribio lolote, anaongeza namba ya dadu la pande 4. Hakuna dhahabu iliyotoka mfukoni wala uganga uliotumika, ila sasa wahusika wana sababu ya kukaa karibu na moto na kuongea.

Hatua ya 5: Wape kitu kimoja kisicho cha mwili

Watu wote wa mchezo wanahitaji ajabu moja. Usiitafute mbali. Waliokua na hadithi za Kiswahili wanamjua Kima aliyepanda mgongoni kwa Papa, na katikati ya bahari akaambiwa kuwa sultani ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Alisema: pole sana, sisi tukisafiri huiacha mioyo yetu mitini, ungesema mapema. Papa akamrudisha ufukweni.

Ziwa letu la Kivu halina papa, lakini hadithi imefika. Tukajiuliza: je, ikiwa Kima hakudanganya? Hivyo ikazaliwa "Moyo Mtini". Mtu wa mianzi anapoanza safari huchagua mti, hukaa chini yake usiku mmoja, na huuacha moyo wake humo. Tangu hapo, pigo likimfikisha kwenye sifuri ya pointi za uhai, hubaki na 1, mara moja kati ya mapumziko marefu. Kwa nguvu ni sawa kabisa na ile ya nusu-orki, mojawapo ya zile aina tisa za kanuni huria, kwa hiyo haivunji chochote. Tofauti ni kwamba sasa kuna mti mahali fulani. Msimulizi aujue uko wapi. Adui mwenye akili ataacha kumpiga mtu na kuanza kuuliza juu ya mti.

Kuhusu mianzi nina onyo: aina nyingi za mianzi duniani huishi miaka mingi bila kuchanua, kisha huchanua eneo zima kwa pamoja na kufa. Usiwaruhusu waache moyo katika mwanzi. Au waruhusu, kama msimulizi wako ni mvumilivu.

Hatua ya 6: Jina

Wape majina mawili: wanalojiita wao na wanaloitwa na jirani. Wao hujiita Wamianzi. Watu wa ziwa huwaita Chokaa, kwa ajili ya mstari wa usoni, na kumwita mtu hivyo barazani ni kutafuta ugomvi. Jina la mtu binafsi lianze na la mama. Basi.

Hatua ya 7: Pima nguvu zao

Watu wapya huja mezani wakiwa na nguvu kupita kiasi, kwa sababu mwenye kuwaunda anawapenda. Kuna hesabu moja inayosaidia kuliko zote. Ukihitaji 11 au zaidi kwenye pande 20, nafasi yako ni asilimia 50. Ukiwa na faida inakuwa 75. Ukihitaji 15, asilimia 30 inakuwa 51. Kwa hiyo faida moja, katika mambo ya ugumu wa kati, ni kama kuongezewa 4 au 5. Ni kubwa. Usiitoe kwa jambo linalotokea kila dakika. Itoe kwa jambo jembamba, kama mizani au rangi, kamwe usiitoe kwa "kushambulia" au "kujificha" bila mpaka.

Sasa lile la vifuniko. Ukichota viwili kwa pamoja bila kurudisha cha kwanza, ile 75 inakuwa kidogo zaidi ya 76. Si dhambi, lakini hutapata tena namba mbili zinazofanana, na kwa hasara hesabu hugeuka upande wa pili. Rudisha, tikisa, chota.

Linganisha na aina zilizopo: nyingi huongeza 2 kwenye sifa moja na 1 kwenye nyingine, kisha zina mambo matatu au manne. Karatasi yetu ilisimama hivi:

Wamianzi. Wepesi +2, Hekima +1. Wadogo. Mwendo mita 7.5, kupanda vilevile. Hawaoni gizani. Mizani ya Mkia. Miguu Inayoshika. Shavu. Jicho la Rangi. Milio Mitatu. Kuchambuana. Moyo Mtini.

Ni mengi, najua. Mambo manne ya mwanzo ni madogo na mawili kati yake yana gharama, ndiyo maana tuliyaacha. Msimulizi mkali atakata Jicho la Rangi, nami sitamlaumu.

Hatua ya 8: Wapeleke mezani, uandike kinachotokea

Cheza vikao vitatu vifupi kabla ya kusema umemaliza. Mpe mmoja wenu kazi ya kuchora mstari daftarini kila kanuni inapotumika. Isiyotumika hata mara moja katika vikao vitatu, futa. Inayotumika kila zamu, ibane. Kwetu Milio Mitatu ilipata mistari 19 katika kikao cha kwanza, kila mtu akiruka na kuinama bila kupumzika, kwa hiyo tukaiwekea mpaka: mara moja kwa kila pumziko fupi. Kupanda hakukuleta tatizo lolote. Shavu lilipata mistari michache lakini kila mmoja ulikuwa na kicheko au jasho ndani yake, likabaki.

Moyo Mtini haukupata mstari hadi kikao cha tatu. Msimulizi, bila kutuambia, alimpeleka mchoma makaa kwenye mti wa mdogo wangu. Si adui, ni baba mwenye watoto wa kulisha na shoka. Tulipofika shina lilikuwa bado bichi. Hatukuwa na kanuni ya hilo. Mdogo wangu hakutaka kurudi nyuma wala kuomba mchoma makaa afe. Tuliongea mpaka saa nne usiku, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizobaki kwenye sahani zikapoa, umeme ukakatika, na kanuni ya mwisho tuliiandika kwa mwanga wa simu: mti ukikatwa, moyo hurudi kifuani mwa mwenyewe, naye hawezi kuuacha tena hadi apande mche mwingine kwa mkono wake, na uote majani mapya akiwa anautazama.